Nani Alibeba Betri?

Mwaka jana niliombwa kusoma miswada ya shindano moja la hadithi fupi, ambalo sitalitaja kwa sababu bado nawadai na wao bado wanasema hela inakuja. Miswada ilikuwa 38. Kati ya hiyo, 9 ilikuwa ya vita, jambo lililonishangaza kidogo, maana sisi tunajisifu kuwa watu wa amani. Katika hadithi zote 9 alikuwemo mwanajeshi aliyeshika redio ya upepo, na katika 7 kati ya hizo mwanajeshi huyo alimaliza maongezi kwa kupiga kelele: "Ova end auti!"

Kulikuwa na meja mmoja aliyekuwa msituni Kongo akibishana kwa redio na mkubwa wake, wanakatizana maneno kama wauza samaki wa Feri. Kulikuwa na koplo aliyepigwa risasi ya kifua ambaye, kabla ya kukata roho, alichukua redio ya jeshi akampigia mchumba wake aliyekuwa Morogoro. Mchumba akapokea. Sijui alipokelea kwenye nini. Na kulikuwa na yule wa kila mwaka, anayeng'oa pini ya bomu kwa meno.

Nikaandika maoni yangu, nikayaweka mezani. Mwenzangu kwenye jopo, mtu mzima ninayemheshimu na ambaye vitabu vyake nilivisoma nikiwa sekondari, aliyapitia, akavua miwani. "Mdogo wangu," akasema, "wewe ni mwandishi wa habari, ndiyo maana. Fasihi haina haja na mitambo. Fasihi ni hisia." Nilinyamaza. Ni kaka yangu mkubwa kwa umri na kwa kazi, na chai ilikuwa inaletwa. Lakini nimekaa na neno lile mwaka mzima, na leo nataka kulijibu, kwa heshima zote. Nadhani ni neno hilohilo linalotufanya tuwe na hadithi za vita nyingi namna hii na vita vyenyewe visiwemo ndani yake.

Nianze na yale madogo, niyapite haraka. Vijana wanaoandika huniuliza maswali ya silaha mara kwa mara, wakidhani kwa kuwa niliwahi kuripoti habari za ulinzi basi najua kila kitu. Sijui kila kitu, ila haya hata fundi wa redio wa mtaani angekujibu, au mgambo mstaafu kijijini kwenu. Pini ya bomu la mkono hutoki nayo kwa meno; itatoka na meno. Bunduki aina ya AK, ile ambayo hapa kwetu tunaizoea kwa jina la SMG, magazini yake ya kawaida inabeba risasi 30, na ukiiachia ifyatue mfululizo inatema risasi kama 600 kwa dakika. Piga hesabu: sekunde 3, imekwisha. Kwa hiyo shujaa wako anayemimina risasi kwa kurasa mbili bila kubadilisha magazini anatumia bunduki ambayo haijatengenezwa bado. Roketi ya begani hairushwi ukiwa ndani ya chumba kidogo, kwa sababu moto unatoka pia upande wa nyuma, na wewe na ukuta wa nyuma yako mtakipata. Ndani ya kifaru kinachotembea watu hawanong'onezani. Injini inapiga kelele kiasi kwamba bila visikilizio vya masikioni dereva hamsikii kamanda aliye hatua moja nyuma yake. Kiwambo cha kupunguza sauti ya bunduki kinapunguza, hakinyamazishi. Basi.

Mambo hayo ukiyakosea, msomaji aliyewahi kushika silaha atacheka, wengine watapita. Si mwisho wa dunia. La redio ni tofauti, na hapo ndipo sikubaliani na kaka yangu hata kidogo.

Hebu tuitazame hiyo "ova end auti". "Ova" maana yake ni: nimemaliza zamu yangu, sasa zamu yako, nasubiri jibu. "Auti" maana yake: nimemaliza kabisa, sisubiri jibu. Anayesema yote mawili kwa pamoja ni sawa na anayekuambia "ngoja nakuja" huku anafunga mlango kwa kufuli. Maneno hayo tumeyapata kwenye sinema, hasa zile za kutafsiriwa vibandani, ambako mtafsiri mwenyewe alikuwa anatunga nusu ya maongezi (na mara nyingi alitunga vizuri kuliko wenye sinema, hilo nampa). Lakini uliza kwa nini neno "ova" lipo. Lipo kwa sababu redio ya vitani si simu. Ukibonyeza kitufe cha kuzungumzia, redio yako inakuwa kiziwi. Unasema, husikii. Ukiachia kitufe, unasikia, husemi. Na wote mlio kwenye masafa hayo mnagawana mlango mmoja: akiingia mmoja, wengine wanangoja nje.

Sasa fikiria kama mwandishi. Kumbe meja na mkubwa wake hawawezi kukatizana. Mkubwa akianza kutoa amri mbaya, meja hawezi kumwambia "subiri mzee, huko kuna watu wetu" mpaka mkubwa amalize na aachie kitufe. Lazima aisikilize amri yote hadi mwisho, kimya, akiwa na jibu mdomoni. Na fikiria mtu aliyejeruhiwa, kidole chake kimekakamaa juu ya kitufe. Redio yake inaendelea kurusha. Hakuna mwingine kwenye kikosi anayeweza kuzungumza; wanachosikia ni pumzi zake tu, na upepo, na labda milio ya mbali. Wanamhitaji afe, au aachie, ili waweze kuomba msaada. Kaka yangu aliyesema fasihi ni hisia, niambie: hiyo ni mitambo au hisia? Kwangu ni yote mawili, tena huwezi kuipata ya pili bila ya kwanza. Yule koplo wa Morogoro aliyempigia mchumba wake hakunitoa chozi. Huyu wa kidole, mimi nikimwandika tu hapa, naona vibaya.

Wengine hujitetea kwamba haya ni siri za jeshi. Hapana. Siri ni masafa gani yanatumika leo na maneno gani ya mafumbo yamekubaliwa. Kwamba kilima kinazuia mawimbi, hilo limo kwenye fizikia ya sekondari. Redio za masafa mafupi ya anga, zile ambazo mawimbi yake yanapanda juu, yanagonga tabaka la hewa lenye umeme na kurudi chini mbali sana, zinafika mamia ya kilomita, lakini masafa yaliyokufaa mchana usiku yanaweza yasikufae, kwa sababu tabaka lenyewe hubadilika jua likizama. Ndiyo maana babu zetu walizipata vizuri stesheni za mbali usiku. Redio ndogo za mgongoni zinataka kuonana, kama wapendanao: weka kilima katikati, mmeachana. Kwa hiyo mwenye redio anapanda juu, mahali pa wazi, na fimbo ya antena imesimama juu ya kichwa chake, na adui akiwa na darubini anajua wa kumlenga kwanza. Askari mwenye redio hatembei na redio tu. Anatembea na alama inayosema hapa karibu yupo mkubwa. Je, umewahi kusoma riwaya ya Kiswahili ambamo wenzake wanaogopa kutembea karibu naye? Mimi bado. Na ni jambo la kila siku vitani.

Nataka nikae kidogo kwenye historia yetu wenyewe, maana huwa tunadhani mambo ya mawasiliano ya vita ni ya Ulaya na Marekani, sisi tulikuwa na mikuki na ngoma.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Astraea ilikuja mbele ya Dar es Salaam na kupiga mizinga. Ililenga mnara wa simu ya upepo. Mtu alikaa, akafikiri, akaona kwamba kitu cha kwanza cha kumnyang'anya Mjerumani hapa ni sauti yake. Kuanzia hapo vita ile, iliyomaliza wapagazi wetu kwa makumi ya maelfu (jina la Kariakoo ni mabaki yao, Carrier Corps ikatamkwa kwa ulimi wetu), ilikuwa pia vita ya waya, vioo vya kumulikia ishara, na watu wa kukimbia na barua. Waya za simu zilizotandikwa porini zilikuwa zinakatwa na twiga. Nimeisoma hiyo mahali pengi na kila mara nacheka, halafu nafikiria yule aliyetumwa kwenda kuunga.

Mwaka 1917, mwezi Novemba, Wajerumani walituma meli ya anga, L59, kutoka Jamboli kule Bulgaria ije kumletea von Lettow-Vorbeck risasi na dawa. Ilivuka Misri, ikafika anga ya Sudan, magharibi ya Khartoum. Hapo ujumbe wa simu ya upepo ukaikuta: rudini. Ikageuka. Ilikaa hewani saa 95 na kurudi Jamboli ilikotoka. Maneno machache tu hewani, na shehena nzima iliyokusudiwa watu wa von Lettow-Vorbeck haikuwafikia, wakati wapagazi wanaendelea kubeba.

Lakini tukio linaloninyima usingizi ni la mwisho. Vita ilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi. Hilo kila mtoto anafundishwa. Siku hiyo jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, linatembea kuelekea Kasama, na hakuna aliyejua. Tarehe 13 bado walikuwa vitani. Habari zilimfikia mkuu huyo kwa sababu watu wake walimkamata tarishi wa Kiingereza aliyekuwa kwenye pikipiki, na mfukoni mwake mlikuwa na ujumbe kwamba vita imekwisha. Silaha walizisalimisha Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, tarehe 25 Novemba.

Simama hapo. Kuna mtu alibeba mzigo kichwani tarehe 12 Novemba, ndani ya vita isiyokuwepo. Labda alikuwa Mnyamwezi, labda Mmakonde, labda Myao. Labda mwenzake alianguka siku hiyo na akaachwa njiani. Aliyemtenganisha na amani alikuwa pikipiki. Si hofu, si ushujaa, si ukoloni kwa jumla jumla tunavyopenda kuuandika: ni ujumbe uliochelewa kwa kukosa waya. Nani kati yetu ameiandika riwaya hiyo kwa Kiswahili? Abdulrazak Gurnah alituingiza kambini mwa askari wa Wajerumani katika Afterlives mwaka 2020, na akajishughulisha na gwaride, ukaguzi, nani anamfulia nani, nani anamtukana nani. Kwa sababu ya hivyo vidogo nilimwamini katika vikubwa. Lakini ameandika kwa Kiingereza. Sisi wenye lugha ambayo amri nyingi za vita ile zilitafsiriwa kwayo tumekaa kwenye hisia.

Kuna atakayenikumbusha Shaaban Robert. Naam, alitunga utenzi mzima wa Vita vya Pili vya Dunia, Utenzi wa Vita vya Uhuru, na hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mtumishi wa serikali hapahapa Tanganyika. Kwa nini yeye aruhusiwe na kijana wa Mbagala akatazwe? Swali zuri. Ila utenzi wa namna ile hauahidi kukuweka shimoni pamoja na askari. Unasimama barazani unasimulia dunia, na msikilizaji anajua umesimama barazani. Hemedi al-Buhry naye, alipotunga juu ya Wadachi kutamalaki Mrima, alikuwa mtu wa pwani hiyohiyo na wa miaka hiyohiyo. Kila mmoja alisimulia kutoka mahali alipokuwa. Hadithi fupi ya leo inayoanza kwa "Jasho lilinitiririka huku nimekumbatia bunduki yangu" imeahidi kitu kingine kabisa. Imesema: mimi nilikuwepo. Basi ukisema ulikuwepo, nitakuuliza ulisikia nini.

Nimefika kwa baba mdogo, ambaye kwa kweli ndiye aliyeniletea hasira hii yote.

Baba mdogo alikuwa askari wa mawasiliano katika vita vya Kagera. Alienda kijana wa miaka ishirini na kitu, akarudi Bunda na sikio moja la kushoto ambalo halikusikia tena vizuri. Tulipokuwa watoto tulijua upande wa kukaa ukitaka kumwomba hela na upande wa kukaa ukitaka kumsengenya. Mwaka 2014, nikiwa nimemaliza chuo na nimepata kazi gazetini, nikaenda kumhoji. Nilikuwa na kinasa sauti kwenye simu na orodha ya maswali. Swali la kwanza, naona aibu kuliandika: "Baba mdogo, uliua wangapi?"

Alinitazama. Akasema, "Mwanangu, mimi nilibeba redio."

Nikadhani ananikwepa. Nikauliza kama aliogopa, nikauliza Amin alikuwa mtu wa namna gani (kana kwamba walikuwa majirani), nikauliza alijisikiaje Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Alinijibu kwa adabu, majibu ya mzee anayemjibu mtoto wa kaka yake: tulimshukuru Mungu, ilikuwa kazi ya taifa, nyie someni. Nilikuwa na nusu saa ya maneno ambayo ungeweza kuyapata kwenye hotuba yoyote ya Siku ya Mashujaa. Nikakaribia kufunga simu. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa, nikauliza: redio yenyewe ilikuwa nzito?

Jamani. Yule mzee aligeuza kiti. Alianza na uzito, akaja kwenye betri, kwamba redio unaizoea mgongoni lakini betri za akiba hazizoeleki, zina kona, zinakula ubavu. Kwamba ukipewa mtu wa kukusaidia kubeba betri, yule mtu ndiye ndugu yako kuliko wa tumbo moja, kwa sababu akipotea yeye umekufa ukiwa hai: redio unayo, sauti huna. Yake alipotea mara moja usiku mmoja, kwenye matope. Walimpata alfajiri amekaa juu ya betri ili zisiingie maji, yeye mwenyewe yumo majini hadi kiunoni. Baba mdogo alicheka sana alipofika hapo, halafu akanyamaza, halafu akauliza kama chai imechemka.

Kuna aliloniambia ambalo tangu siku ile sijalikuta kwenye kitabu chochote cha hadithi, na ni jambo la lugha, kwa hiyo ninyi wasomaji wa humu litawagusa. Katika vita vile, pande zote mbili zilizungumza Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za KAR, jeshi la mkoloni ambalo Amin mwenyewe alikulia humo. Kwa hiyo aliyeyapata masafa ya adui hakuhitaji mkalimani. Duniani hili ni nadra, na ni la hatari kwa pande zote. Warusi mwaka 1914 walirusha ujumbe wao wazi bila mafumbo, Wajerumani wakawasikia, na pale Tannenberg wakapoteza jeshi zima. Na hao angalau walikuwa na lugha mbili tofauti! Sisi tulikuwa tunasikilizana kama majirani wa chumba cha kupanga.

"Sasa mlijuaje huyu ni wetu, huyu wao?" nikauliza.

"Kwa Kiswahili chao," akasema. "Mtu akisema 'ile watu nakuja', unajua huyo si wa kwetu."

Upatanisho wa kisarufi, wapendwa! Ngeli! Zile tulizochapwa viboko kwa ajili yake darasa la tano. Mtu mmoja gizani anasikiliza ngeli ya mtu mwingine ili ajue kama mizinga imwangukie au isimwangukie. Nami nikafurahi mno, kijana wa chuo, nikaona nimepata makala ya maisha. Baba mdogo akanikata. Akasema shida yake ni kwamba Waganda waliokuwa upande wetu, akina Kikosi Maalum na wenzao, walisema vivyo hivyo. "Ile watu" anaweza kuwa adui, na anaweza kuwa mwenzako aliyekimbia nyumbani kwake miaka minane iliyopita na sasa anarudi. Na kwetu jeshini walikuwepo watu wa Mara, akaongeza, ambao ngeli nazo zinawapiga chenga. Akanitazama. Sisi ni watu wa Mara.

Kisha akasema kuna usiku mmoja kikosi kilitawanyika, na redioni nidhamu ikavunjika. Kila mwenye redio ana jina lake la redioni, si jina lake la kweli, na kanuni ni kwamba hilo la kweli halitamkwi. Usiku ule watu waliitana majina ya nyumbani. Fulani uko wapi. Fulani, ni mimi. Alisema alijua ni kosa kubwa, na alijua adui kama anasikiliza basi anasikia kila kitu, na bado hakumkaripia mtu, kwa sababu naye alikuwa anangoja nafasi aingie aite jina la yule mbeba betri.

Hakuniambia ilikuwa wapi, nami sitabuni. Ila ukisoma habari za Lukaya, mwezi Machi 1979, utakuta usiku wa namna hiyo: barabara inayopita kwenye kinamasi, roketi za Walibya ambazo nyingi hazikulenga lakini mshindo wake ulitosha kuwatawanya watu ambao hawajawahi kuusikia, na makamanda ambao hadi kesho yake walikuwa na kazi ya kujua nani yuko wapi. Soma pia habari za siku za mwanzo za vita, ndege zetu tatu zilizodunguliwa na jeshi letu wenyewe kule Musoma. Hazikudunguliwa na chuki wala na woga. Waliokuwa chini hawakujua waliokuwa juu ni akina nani.

Kwa hiyo kaka yangu aliponiambia fasihi haina haja na mitambo, nilichosikia mimi ni kwamba fasihi haina haja na baba mdogo. Maana katika hadithi zetu za vita yupo kamanda, yupo shujaa wa bunduki, yupo mama anayelia, yupo mchumba. Aliyebeba redio anaonekana kwa sekunde ile tu anayomkabidhi kamanda kisikilizio, halafu anafutika kama mhudumu wa hoteli. Mbeba betri hayumo kabisa. Na hawamo kwa sababu mwandishi hakuuliza redio ina uzito gani. Angeuliza, angelazimika kuwaumba, kwa kuwa kitu kizito hakiendi mstari wa mbele chenyewe. Ujinga wetu wa vifaa si kosa la vifaa. Ni namna ya kutowaona watu waliovibeba, na kwa bahati mbaya ndio walewale ambao hata nishani ziliwapita.

Najua ninavyoonekana: mtu wa magazeti anataka hadithi ziwe ripoti. Sitaki. Hadithi iliyojaa namba za bunduki na majina ya redio ni balaa jingine, nimezisoma nazo, zinasomeka kama orodha ya bohari. Mwandishi akishajua kwamba redio inakuwa kiziwi ukibonyeza, hana haja ya kunieleza. Amwache mtu wake abonyeze, aseme, aachie, angoje. Mimi nitangoja naye.

Shindano lenyewe, kama mnataka kujua, lilimpa zawadi yule wa Morogoro. Waamuzi walikuwa watano, nami nilishindwa kura nne kwa moja. Mwandishi ni binti mdogo mwenye kipaji hasa. Sentensi zake zinatembea. Alinitafuta baadaye baada ya kupewa maoni yangu, akaniuliza bila kununa: sasa kama koplo hawezi kumpigia mchumba, afanyeje? Nikamwambia ampigie aliye naye kwenye masafa. Akauliza huyo ni nani. Nikamwambia hiyo ndiyo hadithi, mama, katafute.

Baba mdogo alifariki mwaka 2019. Ile sauti niliyomrekodi bado ninayo, dakika 41, na ya maana ni 11 za mwisho. Upepo wa ziwa umeingia sehemu nyingi, maana tulikaa nje na mimi sikujua kuweka kinasa vizuri. Kuna mahali anataja jina la yule mbeba betri, la kweli, la nyumbani, na hapo hapo upepo unapita. Nimelisikiliza labda mara hamsini. Linaanza na M, au N.